Kina cha dhi kwenye simu: uchambuzi wa jibu moja la malumbano

Mzee mmoja wa Kwale, pwani ya Kenya, mtunzi anayeheshimika kwa nyimbo za harusi na tungo za mawaidha, aliwatungia vijana wa kijiji chake shairi la kuwashutumu kwa kuuza ardhi ya urithi. Alilighani mwenyewe, akajirekodi, na rekodi ikazunguka kwenye simu za watu mpaka kila baraza ikawa na habari nayo. Ubeti wa kwanza ni huu:

Mmeiuza aridhi, mkakihama kiambo,
Hamkuombana radhi, wala kushauri jambo,
Wageni wakaihodhi, wale watokao ng'ambo,
Vijana mna maradhi, ya kutanguliza tumbo.

Ni tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, iliyosimama sawasawa. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nane kwenye ukwapi, ambao ni nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, ambao ni nusu ya pili. Kina cha kati ni dhi, cha mwisho ni mbo, na mshororo wa nne unarudiwa kama kibwagizo katika beti zote sita. Kijana mmoja kati ya walioshutumiwa, naye ni mtunzi anayeinukia, alitaka kujibu. Kwa desturi ya malumbano, yaani kujibizana kwa mashairi, anayejibu hufuata bahari (aina ya shairi) na vina vya anayejibiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa na watunzi wa Lamu walirushiana tungo tangu mwanzo wa karne ya 19, na mpaka leo msikilizaji wa pwani akisikia jibu limekimbia vina vya swali, anajua nani ameshindwa hata kabla ya kupima hoja.

Kijana alinijia akiwa na simu mkononi. Hakutaka nimtungie. Alitaka programu ya kumtafutia vina. “Mwalimu,” alisema, “Wazungu wanazo. Mimi nimeweka moja, nikaandika radhi, ikaniambia hakuna neno kama hilo.”

Nitalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ninaamini chombo cha namna hii kinaweza kumfaa mtunzi wa Kiswahili sana, ila mahali kinapomfaa si pale ambapo wengi hukimbilia kukitumia.

Kwanza hesabu yenyewe. Beti sita, kila ubeti una mishororo mitatu inayobadilika, jumla 18. Ongeza kibwagizo chake mwenyewe, zinakuwa nafasi 19 za dhi na nafasi 19 za mbo. Kurudia neno lile lile katika beti tofauti hakukatazwi, lakini mtunzi anayerudia radhi mara nne anaonekana amefilisika. Upande wa mbo hauna shida: jambo, mambo, wimbo, chombo, vyombo, fumbo, umbo, tambo, pambo, urembo, jimbo, fimbo, tumbo, kombo, chambo, ulimbo, mtambo, mkumbo, kitambo, kiambo, ng'ambo, tembo, na bado sijamaliza. Shida iko kwenye dhi. Ukimwuliza mtu papo kwa papo atakutajia radhi, maradhi, ardhi na kadhi, kisha atatazama dari. Mzee alijua anachofanya alipokichagua kina hicho.

Sasa, kwa nini programu ya Kiingereza haikumsaidia? Si kwa kukosa maneno ya Kiswahili tu. Hata ungeijaza maneno yote ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ingekupa vina visivyo vyetu. Nyingi ya programu hizi zinategemea orodha ya matamshi iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, yenye maneno zaidi ya 130,000, kila moja limeandikwa kwa alama za sauti 39, pamoja na alama ya silabi inayobebeshwa mkazo. Kiingereza hakina budi kufanya hivyo, maana tahajia yake haiaminiki: maneno mawili yanaweza kuandikwa mwisho mmoja na kutamkwa miisho miwili. Programu hutafuta irabu ya mwisho yenye mkazo, kisha hulinganisha kila kitu kuanzia hapo hadi mwisho wa neno. Konsonanti iliyo kabla ya irabu hiyo inatakiwa itofautiane.

Chukua sheria hiyo uipeleke kwenye Kiswahili. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo radhi itaoanishwa na kadhi na hadhi, kwa kuwa zote zina adhi, lakini hodhi itakataliwa, kidhi itakataliwa, lafudhi itakataliwa. Mtunzi wetu anazikubali zote, kwani kina chake ni silabi ya mwisho peke yake. Tena konsonanti iliyo kabla ya irabu ya kina Mwingereza anataka ibadilike, sisi tunataka ibaki ile ile: dhi kwa dhi, mbo kwa mbo. Kuoanisha jambo na mkopo kwa sababu zote zinaishia kwa o ni guni, yaani utungo wenye kasoro, mbele ya mzee yeyote wa pwani. Sheria mbili zinazopishana hivi haziwezi kuendeshwa na injini moja.

Lakini kuna habari njema ndani yake, nami niliifurahia sana. Kiswahili hakihitaji orodha ya matamshi hata kidogo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na tunaandika tunavyotamka. Yatosha kuligeuza neno, herufi ya mwisho ikawa ya kwanza, kisha kuyapanga maneno yote kwa alfabeti. Maradhi inakuwa ihdaram, kadhi inakuwa ihdak, lafudhi inakuwa ihdufal. Zote zinajikuta zimekaa pamoja chini ya ihd bila mtu kuzisogeza. Ukishazipanga, unazigeuza tena zisomeke. Mwingereza John Walker alipanga kamusi ya vina kwa kufuata herufi za mwisho mnamo 1775, kwa mkono, na tangu hapo watunzi wa lugha yake wamehangaika na maneno yanayofanana kwa macho na kutofautiana kwa sikio. Mpango ule ule ungewafaa Waswahili kuliko ulivyowafaa wenyewe.

Na ni mzigo mwepesi mno kwa kifaa cha mkononi. Mwaka 1996 ilipotoka kompyuta ndogo ya mkononi iitwayo Pilot, ile ya kugusa kwa kijiti, toleo la bei nafuu lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na lile kubwa kilobaiti 512, kioo chake kikiwa na nukta 160 kwa 160. Orodha ya Carnegie Mellon pamoja na matamshi yake inapita megabaiti 3, kwa hiyo kuitia humo kungehitaji kupunguza na kubana kwingi. Chukua maneno 20,000 ya Kiswahili yenye wastani wa herufi saba, ongeza alama moja ya kutenganisha mistari: unapata baiti 160,000. Pilot kubwa ingeibeba na nafasi ikabaki. Hatukuhitaji kusubiri simu za leo kupata kamusi ya vina mfukoni. Teknolojia ilikuwapo, kilichokosekana ni mtu aliyeona kazi hii inastahili kufanywa kwa lugha yetu.

Tulichotengeneza kilikuwa kidogo. Tuliweka orodha ya maneno katika faili moja, pamoja na msimbo mfupi wa kutafuta, vikawa ukurasa mmoja unaofunguliwa na kivinjari cha simu bila bando. Unaandika silabi, unapata maneno yanayoishia nayo, yamepangwa kwa idadi ya mizani. Msingi wa orodha ulitokana na maneno yanayotumiwa na programu huria za kusahihisha tahajia, kisha kijana akaongeza kwa mkono aliyoyakusanya kutoka kwenye diwani na kutoka vinywani mwa watu. Kibodi ya simu si rafiki wa kazi hiyo, lakini kwa kuandika dazeni moja huku akisubiri wateja, orodha ilikua.

Kuhesabu mizani ndiko kulikotusumbua zaidi, na hapa panafaa kukaa kidogo. Kanuni ya jumla ni rahisi: kila irabu ni mizani moja. Kaa ni mbili, dunia ni tatu. Kisha inakuja m. Katika mtu, mgomba na mdomo, m inasimama peke yake, hivyo mtu ni mizani mbili na mdomo ni tatu. Katika mboga na mbegu, m imeshikana na b, ni silabi moja. Kwa hiyo ungedhani yatosha kuiambia programu: m ikifuatwa na b, usiihesabu. Lakini mbunge ni m-bu-nge, tatu, kwa sababu m ile ni kiambishi kilichopachikwa kwenye bunge. Mvua ni mbili, mvuvi ni tatu. Na kuna neno ambalo hakuna kanuni ya herufi itakayoliokoa: mbuni. Akiwa ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni. Ukiwa mti wa kahawa, ni m-bu-ni. Herufi zile zile, mizani mbili au tatu kufuatana na unachokikusudia. Kwa maneno ya namna hii tuliandika idadi kwa mkono, na mbuni tukaiingiza mara mbili.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizogongana nayo yana mambo yake. Ardhi ni mfano ulio ndani ya kisa chenyewe. Mzee ameandika aridhi, kwa irabu iliyoongezwa, na mizani zake tatu hazina mjadala. Watunzi wengi hufanya hivyo. Tuliamua kuziweka zote mbili, ardhi na aridhi, na ya pili ndiyo inayoonekana juu kwa anayetunga.

Orodha ilipokuwa tayari, kijana aliandika dhi, akabofya. Yalikuja maneno kama ishirini na tano: hadhi, radhi, kadhi, hodhi, kidhi, udhi, hedhi; kisha yale marefu zaidi, aridhi, maradhi, hifadhi, baadhi, gharadhi, faradhi, arudhi, waadhi, lafudhi, mahadhi, kabidhi, bughudhi, fawidhi na mfawidhi wake, mpaka takabadhi. Uso wake uling'aa. Nafasi 19, maneno 25. Akaondoka kwenda kutunga.

Aliporudi alikuwa na beti tatu, na zote zilikuwa na vina na mizani bila kasoro. Huu ulikuwa wa pili:

Ninanena kwa lafudhi, nipige na langu tambo,
Mashairi na mahadhi, nimeyaundia umbo,
Ninazijua arudhi, za utenzi na za wimbo,
Waliouza baadhi, si wote wana kiambo.

Hesabu mwenyewe, utakuta nane kwa nane kila mshororo. Lakini ubeti huu unasema nini kuhusu shamba lililouzwa? Mishororo mitatu ya kwanza haisemi chochote. Mtu anashutumiwa kwamba ameuza makaburi ya babu zake, naye anajibu kwamba anazijua arudhi, kanuni za utunzi. Ukiutazama kwa makini utaona jinsi ulivyozaliwa: kijana alikuwa na simu kiganjani, akafika mwisho wa ukwapi, akatazama orodha, akakuta lafudhi, mahadhi na arudhi zimekaa jirani, zote ni maneno ya uwanja wa utunzi, zikavutana zenyewe. Majigambo ni sehemu halali ya malumbano, sikatai, lakini hapa hayakutoka moyoni mwake. Orodha ndiyo iliyojigamba.

Hii ndiyo hatari yenyewe ya chombo hiki, nayo ni kubwa kuliko kukosa neno. Mtunzi aliyekwama bila orodha hurudi nyuma, akaugeuza mshororo, akatafuta njia nyingine ya kulisema lile lile analotaka. Kukwama kunamrudisha kwenye hoja. Mwenye orodha hakwami, kwa hiyo harudi. Anasonga mbele kwa neno lolote lenye silabi inayotakiwa, na baada ya beti mbili yuko mbali na alikokuwa akienda. Kibwagizo chake kilikuwa kizuri kweli, “Waliouza baadhi, si wote wana kiambo”, hoja nzito katika maneno machache. Alikitunga usiku mmoja kabla hatujawa na programu.

Nilimshauri hivi: afungue orodha mara moja tu, kabla ya kuandika mshororo wowote, ayanakili maneno yote kwenye karatasi, ayagawe. Yanayoihusu ardhi na mali yake: aridhi, hodhi, kabidhi, takabadhi, hifadhi, hadhi. Yanayohusu hukumu na makubaliano: kadhi, radhi, faradhi, kidhi, baadhi. Yanayohusu ugomvi: udhi, bughudhi, gharadhi, maradhi. Yanayohusu utunzi: lafudhi, mahadhi, arudhi. Na hedhi, ambayo programu iliileta bila haya na ambayo kijana hawezi kuitaja akimjibu mtu wa rika la babu yake. Programu haina adabu ya kujua nani anasema na nani. Kisha afunge simu. Kundi la utunzi aliweke kando, na la ugomvi alitumie kwa kiasi, kwa kuwa anayezungumza naye ni mzee.

Pia nilimwomba aandike kwa nathari, sentensi tano au sita, alichotaka kumwambia mzee. Alichoandika kilinishtua kidogo, kwa kuwa hakikuwamo hata kimoja katika beti zake tatu. Kwamba hati za shamba hazikuwahi kuwa mikononi mwa vijana. Kwamba mirathi iligawanywa mbele ya kadhi na wazee wenyewe wakaweka sahihi. Kwamba vijana walichangishana ili wainunue sehemu yenye makaburi, wakashindwa na bei ya wageni. Hapo ndipo palipokuwa na shairi.

Beti mbili za mwanzo za jibu lililotumwa ni hizi:

Babu ninaomba radhi, nisikuendee kombo,
Hati walizikabidhi, wazee wa hili jimbo,
Mbele ya mwenyewe kadhi, bila fimbo wala fumbo,
Waliouza baadhi, si wote wana kiambo.

Tulitaka kuhifadhi, makaburi ya kitambo,
Hatukuweza kukidhi, bei ya watu wa ng'ambo,
Na wazee wakaridhi, wakanaswa na ulimbo,
Waliouza baadhi, si wote wana kiambo.

Linganisha ubeti huu wa pili na ule wa lafudhi. Mizani ni ile ile, vina ni vile vile, mtunzi ni yule yule, simu ni ile ile. Kilichobadilika ni wakati wa kuifungua. Maneno aliyoyatumia yote yalikuwa yameorodheshwa, isipokuwa moja. Kuhifadhi na kukidhi zilikuwa kwenye karatasi yake, kundi la mali na kundi la makubaliano. Kombo, fumbo na kitambo angezipata bila msaada wa mtu. Ulimbo ndiyo zawadi ya kweli ya orodha: ni neno ambalo kijana wa umri wake halitumii, alilisikia utotoni kwa waliokuwa wakitega ndege, likalala. Alipoliona kwenye skrini lilimrudia pamoja na picha yake yote, gundi ile ya utomvu iliyopakwa kijitini, ndege akitua kwa hiari yake mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja yake kwa wazee: hawakuibiwa, walitua wenyewe. Neno lilikuja likakuta hoja inalisubiri.

Lile moja ambalo halikuwamo ni ridhi. Orodha yetu ilikuwa na ridhia, iliyowekwa chini ya kina cha a. “Na wazee wakaridhia” ingekuwa mizani tisa, na kina kingevunjika. Kijana alikata silabi ya mwisho, akapata nane na dhi kwa pigo moja. Ni inkisari, ruhusa ya kale ya mtunzi, na hakuna programu iliyompa. Sikio lake ndilo lililompa. Inawezekana kuifundisha programu ijaribu kukata na kurefusha maneno, lakini nilikataa tusifanye hivyo. Ingetoa mamia ya maneno yaliyokatwa ovyo, na mtunzi angepoteza uwezo wa kutofautisha inkisari inayosikika kuwa ya Kiswahili na ile inayosikika kuwa kosa.

Kulikuwa na hoja nyingine aliyoileta kijana wakati wa kazi, nayo nisingependa kuiruka. Watu wengi wa bara, na hata baadhi ya vijana wa mijini pwani, hutamka dh kama z. Kwao radhi na kazi zinaoana. Kijana aliuliza kama tuweke kitufe cha kuyaunganisha makundi hayo mawili, maana zi ingemfungulia mlango wa kazi, wezi, ujuzi, mbuzi, mizizi, mapenzi. Nilimwachia aamue, naye akaamua vizuri: kitufe kisiwepo. Anayejibiwa ni mzee wa Kwale, na kumletea kazi mahali pa radhi ni kumpa ushindi bila jasho. Kwa mtunzi mwingine, anayetungia hadhira nyingine, kitufe hicho kingekuwa na haki yake. Kina kiko kwenye sikio la anayesikiliza.

Kwa upande wa vitenzi vya Kibantu, dhi haikutupa kazi, kwa kuwa sauti hiyo ilitufikia zaidi kupitia maneno ya Kiarabu. Lakini nilipoijaribu programu kwa vina vingine niliona upungufu wake mkubwa. Andika ki: unapata samaki, rafiki, dhiki, haki, lakini sitaki haimo. Hafiki haimo. Hatucheki haimo. Kamusi huorodhesha taka, fika, cheka, kila kitenzi kwa umbo lake la msingi linaloishia kwa a, ilhali kukanusha wakati uliopo kunageuza a hiyo kuwa i, na “nitake”, “afike”, “tucheke” zinaigeuza kuwa e. Kwa hiyo kila kitenzi kinachoishia ka kinakaa kimyakimya chini ya ki na ke. Hazina hiyo ni kubwa.

Dawa yake haikuwa kuingiza maumbo yote; yangekuwa maelfu kwa maelfu. Tuliielekeza programu hivi: mtu akitafuta silabi inayoishia kwa i au e, itazame pia vitenzi vyenye konsonanti ile ile na a, ivionyeshe katika safu ya pili vikiwa vimegeuzwa, na kistari mbele kumkumbusha mtunzi aweke kiambishi chake. Ki sasa inaleta haki na rafiki upande mmoja, na upande wa pili -taki, -fiki, -cheki. Mizani ya safu hiyo ya pili ni ya shina tu, mtunzi anaongeza mwenyewe.

Kinyume chake ni kina cha ni. Nomino nyingi tu zinaweza kupachikwa ni ya mahali, shambani, nyumbani, kiamboni, na kila amri ya wengi inaipokea, njooni, simameni. Ukitafuta ni, orodha haina mwisho, na kwa sababu haina mwisho haikusaidii. Niliona watunzi wachanga wakikimbilia kina hiki kwa kuwa hakikwamishi kamwe, na tungo zao zikawa za kiambishi kimoja kilichorudiwa. Ndiyo maana tuliiongezea programu jambo dogo ambalo sasa ninaliona kuwa ndilo lenye manufaa kuliko yote: unapoandika silabi yoyote, kabla ya kukuonyesha neno hata moja inakutajia maneno yapo mangapi kwenye orodha. Mwenye kuanzisha shairi, asiyejibu mtu, anaweza kupima vina kabla ya kujifunga navyo. Kina chenye maneno manane hakibebi beti kumi. Kina chenye maneno elfu moja kitamlegeza. Dhi, yenye maneno 25, kwa shairi la beti sita, ni kipimo cha mtu anayejiamini, na mzee alikipima kichwani mwake bila kifaa chochote.

Jibu la kijana lilitumwa kwa sauti, kama swali lilivyotumwa. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha ikaja rekodi nyingine, vina vile vile. Hoja ya hati na kadhi hakuigusa, na kwa waliosikiliza kule kutoigusa kulikuwa ni kukubali. Alilidaka neno moja tu, lile la ndege:

Ulimbo mlikabidhi, nyie mloweka chambo.

Anamaanisha madalali. Ni kweli kwamba waliowaleta wanunuzi hadi mlangoni kwa wazee, wakachukua asilimia yao, walikuwa vijana wa kijiji hicho hicho, na kijana wangu anawajua kwa majina. Chambo ilikuwamo kwenye karatasi yake ya mbo tangu mwanzo. Aliiona akaipita, mzee akaiokota. Sasa anatakiwa ajibu tena kwa dhi na mbo, akiwa amebakiwa na gharadhi, faradhi, takabadhi na machache mengine upande wa kati, na safari hii ameanza kwa kwenda kuzungumza na hao madalali.